Nero Kooni mwa Baba

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Sifael amesimama uani kwake Mbokomu, kopo tupu mkononi, akimtazama mkewe Aikaeli akiteremka kati ya migomba na begi kichwani. Mwanamke hakugeuka hata mara moja.

Kwa yule ambaye gazeti lilimpita: kopo hilo la maziwa ya unga lilikuwa na sarafu saba za Kirumi, za kale kuliko kanisa au msikiti wowote wa nchi hii. Sifael alizipata kwa wageni, enzi zile alipokuwa akiongoza watu kupanda mlima, kabla goti lake halijavunjika. Lakini hakukusanya za kila mfalme. Alitaka wabaya tu. Nero, Kaligula, Domitiano, Komodo, Karakala na wenzao. Wauaji, walevi, vichaa. Mgeni mmoja aliwahi kumletea ya Marko Aurelio, mfalme mwema aliyependa vitabu. Sifael akamrudishia papo hapo.

"Huyu mpelekee mtu mwingine," alimwambia. "Kwangu hana kazi."

Majirani walisema zile ni pesa za majini. Wengine wakasema Freemason. Na siku kopo lilipokutwa tupu, Sifael alimgeukia Aikaeli mbele ya kaka yake mkubwa, Primus, na mbele ya majirani hao hao, akamwita mwizi. Akaongeza na maneno mengine ambayo mume hamwambii mke kama bado anategemea kupikiwa chai kesho yake.

Primus naye akanyoosha kidole juu. "Shemeji, mche Mungu. Rudisha mali ya mtu."

Aikaeli alijibu neno moja tu. "Sikuchukua." Akafunga begi, akaenda kwa kaka yake, kule Kahe.

*

Asubuhi iliyofuata Sifael hakufungua kibanda chake cha Njoro, kile anachokodishia mabuti na majaketi ya mlimani. Alipitiliza moja kwa moja mpaka Pasua, kwa Shakiru.

Shakiru hununua vitu vya kale. Saa za ukutani, redio za mbao, vinyago, rupia za Mjerumani. Kitu cha zamani kikitoka nyumbani mwa mtu hapa Moshi, kwa wema au kwa ubaya, hakikosi kupita mezani kwake.

"Shakiru, nimeibiwa."

"Salamu kwanza, Baba Jesse."

"Salamu baadaye. Mke wangu kaja hapa?"

Shakiru alimtazama kidogo. Akainuka, akarudishia mlango wa duka. Akatoa kitambaa cheusi kwenye droo, akakikunjua juu ya meza.

Walikuwa humo. Kaligula na shingo yake nyembamba. Komodo na ndevu zake. Karakala amekunja uso kama mtu aliyeamshwa vibaya.

"Nilizijua mara tu nilipoziona," Shakiru alisema. "Nani mwingine Moshi hii ana wazimu wa namna hii? Nikazichukua zisije zikaangukia kwa wale wa kuyeyusha. Jana nzima nakupigia, hupokei."

"Nani kazileta?"

"Kaa kwanza."

"Nani, Shakiru?"

"Kaka yako. Primus. Alidhani ni rupia. Aliniuliza kama zina zebaki ndani, ile wanayosema inauzwa mamilioni."

Sifael alikaa. Primus! Primus yuleyule wa kunyoosha kidole mbinguni!

Akaziangalia tena, moja moja. "Mbona sita?"

"Ndizo alizoleta."

"Nero hayumo."

"Sijui Nero wala nani. Nilimuuliza kazitoa wapi, akasema Mzee ndiye kampa, kamwambia akazitupe korongoni. Yeye akaona korongo ni mimi."

"Mzee yupi?"

"Baba yenu! Kwani mna wazee wangapi?"

Sifael hakuamini. Mzee Eliezeri ana miaka karibu themanini. Anakaa kwenye nyumba yake kubwa pale pale kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, hatua chache tu kutoka kwa Sifael, na chakula chake chote hupikwa na Aikaeli. Hakuwahi kuligusa kopo lile. Hakuwahi hata kuuliza lina nini.

Lakini jambo moja lilikuwa wazi kama jua la saa nne. Aikaeli hakuiba.

Akampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatwa. Akapiga mara nyingine, imezimwa. Akaandika ujumbe: "Mama Jesse nisamehe. Nimejua si wewe. Nisamehe sana."

Hajaiweka simu mezani, ikalia.

Alikuwa Primus.

"Uko wapi wewe?" Primus alikuwa anapiga kelele. "Uko wapi? Baba anakufa!"

*

Alimkuta Primus kwenye korido ya hospitali, koti la kanisani mwilini, kandambili miguuni. Alivyokuwa ndivyo alivyotoka nyumbani.

"Tangu juzi hamezi," Primus alisema. "Mtori nimempa, umerudi. Maji, yamerudi. Nikajua ni koo, mafua haya. Leo asubuhi katema damu."

"Tangu juzi! Na hukuniambia?"

"Wewe si ulikuwa unafukuza mke?"

Kabla Sifael hajajibu, mlango ukafunguliwa. Daktari Hajira, mama mfupi mwenye ushungi wa kijani, akawaita wote wawili ndani. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na picha ya kifua. Mbavu, uti wa mgongo, na katikati pale, chini kidogo ya koo, duara jeupe.

"Nani anakaa na mzee?" daktari aliuliza.

"Mimi," walisema wote kwa pamoja. Kisha wote wakanyamaza, maana aliyekuwa akikaa na mzee alikuwa Aikaeli.

"Basi niambieni. Hiki ni nini?"

"Kifungo?" Primus alijaribu. "Cha koti?"

"Ni madini. Nilidhani ni zile senti kumi za mkoloni, wazee wengine wanazitunza. Lakini ile tundu lake liko katikati. Hii tundu lake liko ukingoni, ona. Nataka kujua ni madini gani, kwa sababu imekaa humo muda mrefu na pale ilipokaa pameshaanza kuharibika."

Sifael aliliona lile tundu.

Alilijua kama anavyolijua tundu la funguo la mlango wake. Alijua pia kwamba akifumbua mdomo tu, amekwisha. Ukoo mzima ulikuwa unangoja sababu. Majirani walikuwa wanangoja sababu. Akinyamaza, hakuna mtu atakayejua. Duara jeupe ni duara jeupe. Picha ile haina uso wala jina.

Lakini pale kitandani alikuwa baba yake.

"Ni Nero," alisema.

"Ni nani?"

"Ni sarafu yangu, daktari. Ya shaba. Ni ya kale mno, ya Kirumi. Kuna mtu zamani aliitoboa ili aivae shingoni."

Primus alimrukia. Alimkamata ukosi wa shati kwa mikono miwili, akamgongesha kwenye kabati. "Umesikia, daktari? Kasema kwa mdomo wake! Kamlisha baba pesa za majini! Kamtoa kafara!"

"Niachie."

"Unataka kihamba! Sema! Unataka Mzee afe uchukue kihamba!"

"Na zile sita ulizipeleka kwa majini gani kule Pasua?"

Mikono ya Primus ikalegea.

Daktari Hajira alikuwa amesimama, uso umekauka. "Mkimaliza, nitaendelea. Tumejaribu kuivuta kwa mpira kupitia mdomoni, imegoma. Imejichimbia. Nikiivuta kwa nguvu nitachana koo lote. Lazima tumfungue, na iwe leo."

"Mfungue basi!" Primus alisema. "Unangoja nini?"

"Namngoja yeye. Ana akili zake timamu, na amekataa. Siwezi kumpasua mtu mzima anayesema hataki."

"Amekataa kwa nini?"

"Nilidhani nyinyi wanawe ndio mtakaoniambia," alisema daktari.

*

Primus alikwenda wodini kumbembeleza Mzee. Sifael alibaki koridoni, ameegemea ukuta. Na pale ndipo alipomwona Aikaeli akiingia kwa mlango wa mbele, vumbi la Kahe bado miguuni.

Akamkimbilia, anachechemea.

"Mama Jesse..."

"Usinishike. Nimesikia Mzee kalazwa, nimemfuata yeye. Sikukufuata wewe."

"Nimekutumia ujumbe."

"Nimeuona." Alimtazama usoni. "Neno lile unaliandika upesi sana, Sifael."

Sifael akamsogezea benchi. Aikaeli akakaa kwenye ncha, mbali naye. Akawa anakunja na kukunjua upindo wa kitenge chake.

"Sikuchukua sarafu zako," alisema mwishowe. "Lakini kuna kitu nimefanya."

"Kitu gani?"

"Siku ile nilimpelekea Mzee chai, nikamkuta na kopo mapajani. Kalifuata mwenyewe chumbani kwetu, na mkongojo wake. Kazipanga zote juu ya mto. Akaniuliza, 'Mama Jesse, hawa ni akina nani?' Nikamwambia ni wafalme wa kale. Akasema, 'Nasikia ni wabaya watupu. Mwanangu anakusanya wabaya kwa nini?'"

Sifael akamgeukia. "Ukamwambiaje?"

"Nilisema sijui. Akasema, 'Unajua. Nasikia mnavyoongea, ukuta wenu ni mbao. Anasema mmoja wao ndiye baba. Mimi ni yupi?'"

"Aikaeli!"

"Ngoja nimalize. Nilinyamaza. Akaniambia, 'Umenipikia miaka yote hii, na hujawahi kunidanganya hata chumvi ilipozidi. Usianze leo.'" Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Nikamwonyesha."

Na hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili Sifael alimwambia mtu mmoja tu duniani, Aikaeli.

Zamani, kwenye kambi ya juu kabisa kule mlimani, mgeni mmoja wa Kiitaliano alimtolea sarafu yenye tundu. Akamwambia huyu ni Nero. Watu husimulia kwamba alirudi nyumbani na hasira zake, akampiga mkewe teke la tumbo. Mke alikuwa mjamzito. Akafa. Mgeni alisimulia kama mtu anavyosimulia habari za kale, huku anamenya yai. Sifael alitoka nje ya hema, akalia kwenye baridi ile mpaka machozi yakamgandia mashavuni.

Mama yake aliitwa Elisifa. Alikuwa na mimba. Kosa lake lilikuwa kuuza mkungu wa ndizi bila kumwambia mumewe. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, na Sifael alikuwa mtoto amesimama mlangoni. Aliona.

Mzee Eliezeri alikuwa na Land Rover, moja kati ya magari machache yaliyokuwapo Mbokomu siku hizo. Lilikuwa bandani. Mama anavuja damu, majirani wanasema washa gari, na Mzee anasema gari ni bovu, betri imekufa. Wakafunga mablanketi kwenye miti miwili, wakambeba. Primus, aliyekuwa na umri wa kubeba, alishika mbele. Njia ilikuwa tope tupu. Hawakufika barabara kubwa.

Tangu siku hiyo, kwenye ukoo ule, habari ilikuwa moja: alianguka kwenye utelezi, na gari lilikuwa bovu. Mzee akaja akawa mzee wa kanisa, akaheshimika, akaombewa. Hakuna aliyeuliza tena.

Sifael ndiye aliyenunua wafalme. Kila alipowatazama, wale watu waliotisha dunia nzima, wamelala ndani ya kopo la maziwa, wadogo kama vifungo, alipumua vizuri kidogo.

"Alisema nini?" aliuliza sasa. "Ulipomwonyesha?"

"Alisema, 'Nero? Huyu si ndiye aliyewaua Wakristo?' Nikamwambia, 'Hapana, baba. Huyu ni Nero aliyemuua mkewe.'"

Korido ilikuwa na watu wengi, lakini Sifael hakumsikia hata mmoja.

"Akamaliza chai," Aikaeli aliendelea. "Akanirudishia kikombe, akasema asante."

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile uani, nakutukana, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mbele ya Primus? Mbele ya majirani? Kwamba Mzee ndiye kachukua, na kachukua kwa sababu hii?" Akainuka. "Niliona heri niitwe mwizi."

Sifael akafunika uso kwa viganja. Angeweza kupiga magoti pale pale kwenye sakafu, mbele ya wagonjwa na wauguzi. Lakini sauti ya Primus ikasikika kutoka wodini, ikiita jina lake.

*

Mzee Eliezeri alikuwa ameinuliwa kwa mito. Mate yalimchuruzika kidevuni, yenye wekundu ndani. Mtu aliyekuwa akikohoa mara moja na nyumba nzima ikatulia, sasa mikono yake ilikuwa myembamba kama ya mtoto.

"Shikamoo, baba," Sifael alisema.

Mzee hakuitikia marahaba. Alimwashiria kwa kidole asogee.

"Primus anasema nimelishwa." Sauti ilikuwa mkwaruzo. Kila neno lilimgharimu pumzi. "Hakuna aliyenilisha. Nimeimeza mwenyewe."

"Baba, usiseme," Primus alidakia. "Maumivu haya yanakuchanganya."

"Nyamaza, Primus. Wewe nilikupa za kutupa. Zile zilikuwa za watu nisiowajua. Hii ilikuwa yangu." Akamtazama Sifael. "Nilitaka nikuondolee. Nilidhani nikienda nayo, utapumzika."

Sifael alishika chuma cha kitanda.

Aikaeli alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mkono mdomoni. Daktari Hajira alikuwa mlangoni na muuguzi, kitanda cha magurudumu nyuma yao. Aliona hapa si mahali pa kuingilia.

"Lile gari," Mzee alisema.

Hakuna aliyeuliza gari gani.

"Lile gari halikuwa bovu."

"Lilikuwa bovu!" Primus alisema. Mtu mzima, mwenye wajukuu, alisema kama anaomba. "Betri, baba. Ulisema betri imekufa. Nilikwenda mwenyewe kuangalia, nikawasha, halikuwaka."

"Betri niliitoa mimi. Niliiweka chini ya kitanda, nikaifunika na gunia."

"Hapana."

"Nilikuwa na hasira. Nilidhani atakaa siku mbili tatu alie, ajifunze. Sikujua atakufa." Akafumba macho. "Baadaye niliona aibu kuitoa mbele ya watu."

Primus alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Akateleza taratibu, koti la kanisani likapanda mabegani, akakaa sakafuni. Mikono yake ilikuwa wazi mapajani, na alikuwa anaitazama, ile mikono iliyoshika mti wa mbele siku ile ya tope.

Mzee alifumbua macho. Akayaelekeza kwa Sifael, akayaacha hapo.

"Daktari anataka kunipasua. Nitakubali kwa jambo moja. Niambie kama umenisamehe. Kama umenisamehe, nipelekeni. Kama bado, niacheni nayo."

"Mzee, matibabu si hivyo," daktari alisema kwa upole. "Tukutibu kwanza, hayo mtayaongea ukishapona."

"Nikipona, hatayasema. Sisi hatusemi. Umetuona?" Hakumwondolea Sifael macho. "Na usinidanganye, mwanangu. Neno la huruma silitaki. Nitalijua."

Neno moja. Asubuhi hiyohiyo Sifael alikuwa ameliomba kwa mkewe, mara mbili katika ujumbe mmoja. Sasa alikuwa anaombwa yeye. Alifumbua mdomo.

Alilitafuta. Mungu ni shahidi, alilitafuta kwa nguvu zake zote. Alimtafuta yule baba aliyemfundisha kupogoa kahawa, aliyembeba mgongoni siku ya degedege. Alimpata, lakini kila alipomkaribia, mbele yake kulikuwa na mama amelala kwenye blanketi, mvua inamwingia mdomoni.

Alikumbuka anaweza kudanganya. Neno moja tu, na mtu anaishi. Aikaeli alimtazama. Hakumwambia sema, wala hakumwambia usiseme.

"Baba," Sifael alisema. "Baba, mimi..."

Alingoja lije. Halikuja.

Mzee Eliezeri alisubiri kadiri alivyoweza. Kisha akatikisa kichwa polepole, na jambo la ajabu, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Angalau hajanidanganya," alimwambia daktari.

Akakohoa.

Mara ya kwanza ilikuwa kikohozi tu. Ya pili ilitoka na damu nzito, ikajaa kidevu, ikashuka kifuani, ikaloanisha shuka. Aikaeli alipiga ukelele. Daktari alishafika kitandani, amemlaza Mzee ubavu, anaita majina ya wenzake. Muuguzi alisukuma kile kitanda kikagonga ukuta.

"Mzee! Mzee Eliezeri! Unanisikia?"

Mzee hakusikia. Macho yalikuwa yamegeuka juu, mkono umening'inia nje ya kitanda.

"Kapoteza fahamu," daktari alisema bila kuinua kichwa. "Sikilizeni vizuri. Alikataa akiwa na akili zake. Sasa hawezi kusema lolote, nyinyi ndio ndugu zake. Nikimpeleka sasa hivi, huenda akapona. Nikichelewa, hakuna kitu. Nimpeleke?"

Sifael alimgeukia kaka yake. Primus ndiye mkubwa. Primus ndiye aliyekuwa akimlilia Mzee tangu asubuhi, aliyetaka kumuua mtu kwa ajili yake pale kwenye chumba cha picha. Primus atasema ndiyo, na Sifael atapona na hili.

Primus alikuwa bado sakafuni. Hakuinuka.

"Mwacheni," alisema.

"Umesemaje?" daktari aliuliza.

"Si alisema aachwe nayo? Mwacheni." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, na utulivu ule ulimtisha Sifael kuliko damu. "Mimi nilimbeba mama mpaka akafia mikononi mwangu. Gari zima lipo bandani. Mwacheni aende."

Daktari Hajira alikuwa ameshika mshipa wa shingo ya Mzee kwa vidole viwili. Aliinua uso.

"Huyo nimemsikia," alisema. "Na wewe unasemaje?"

Muuguzi alisimama. Macho yote mle wodini yakamwelekea Sifael, mtoto wa Elisifa.